PETROLI NA BADALA ZAKE: NI KIPI KITUFAACHO?



Mkulima wa karafuu ana bei mbili ambazo hazipangi yeye. Ya kwanza ni bei ya karafuu zake, inayotangazwa na Serikali na kulipwa na Shirika la ZSTC, ambalo kwa sheria ndilo mnunuzi pekee. Ya pili ni bei ya petroli na dizeli, inayotangazwa kila mwezi na Mamlaka ya ZURA kwa kufuata bei ya dunia na gharama za kuyaleta mafuta kwa meli. Mafuta yakipanda, mwenye duka huongeza bei ya unga, na mwenye gari huongeza nauli. Mkulima hana wa kumwongezea. Kila shilingi iliyozidi penye pampu hutoka katika gunia lake.

Lakini liko jambo la tatu, nalo limo mikononi mwetu: idadi ya lita tunazozichoma. Siku hizi husikika mengi juu ya gari zinazokwenda kwa umeme, gari za mseto zitokazo Japani, na mafuta ya mimea yanayotiwa katika tangi. Mengine ni kweli na mengine ni maneno ya wauzaji. Makala haya yanakusudia kueleza kila kimoja ni kitu gani, kimefanikiwa wapi, kimeshindwa wapi, na kipi chamfaa mtu mwenye shamba la mikarafuu kisiwani.

KWA NINI PETROLI IMETUSHIKA

Petroli haikuenea duniani bure. Lita moja hubeba nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Huhifadhiwa katika dumu, humiminwa kwa mrija, na kila penye njia panda yuko fundi anayeijua injini yake. Kitu chochote kitakachotaka kushika pahala pake sharti kipimwe kwa maswali manne: Kina nguvu kiasi gani? Chatoka wapi? Kikiharibika, nani atakitengeneza? Na je, chala ardhi au chakula cha nani?

Hata hivyo, petroli yenyewe hutumika kwa upotevu mkubwa. Katika kila sehemu kumi za nguvu iliyomo ndani ya petroli, injini ya kawaida huzipeleka kwenye magurudumu mbili au tatu tu. Zilizobaki hutoka kwa joto, katika rejeta na katika bomba la moshi. Kwa hiyo ziko njia mbili za kupunguza petroli. Moja ni kutafuta mafuta mengine. Ya pili ni kuzuia upotevu. Tutaona kwamba njia ya pili, ambayo haina sifa nyingi, aghalabu ndiyo yenye faida ya haraka.

SPIRITI YA MIWA: KHABARI ZA BRAZILI

Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne katika muda wa miezi michache. Brazili, iliyokuwa ikinunua nje sehemu kubwa ya mafuta yake, ilitikisika. Lakini Brazili ilikuwa na miwa. Novemba 1975 Serikali yake ilianzisha mpango mkubwa wa kuigeuza miwa kuwa spiriti ya kuendeshea motokaa. Maji ya miwa huachwa yachachuke, kisha huchemshwa, na mvuke wake ukapozwa na kukingwa. Aliyewahi kuona jinsi mafuta ya makonyo yanavyopatikana kwa mvuke hatashindwa kuifahamu kazi hiyo. Mwaka 1979 ikatoka motokaa ya kwanza iliyouzwa kwa watu ikiendeshwa kwa spiriti tupu, Fiat 147, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 motokaa nyingi kabisa zilizouzwa mpya nchini humo zilikuwa za spiriti.

Kisha likatokea jambo ambalo kila mkulima atalielewa. Petroli ilishuka bei, sukari ikapanda, na miwa ikapelekwa kwenye sukari. Mwaka 1989 na 1990 spiriti ikaadimika, wenye gari wakasimama foleni penye pampu tupu, na imani yao ikavunjika. Dawa haikupatikana mpaka mwaka 2003, ilipoanza kuuzwa motokaa inayokubali petroli, au spiriti, au mchanganyiko wowote wa viwili hivyo. Mwenye gari huchagua kwa bei ya siku ile. Tangu Agosti 2025 petroli ya kawaida ya Brazili huuzwa ikiwa imetiwa spiriti sehemu 30 katika kila 100.

Spiriti ina upungufu wake. Nguvu ya lita moja ni kama theluthi mbili tu ya nguvu ya lita ya petroli. Gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita ya petroli itakwenda kilomita 7 hivi kwa lita ya spiriti. Kwa hiyo spiriti ina faida pale tu bei yake isipozidi sehemu 70 katika 100 za bei ya petroli, na Wabrazili wameizoea hesabu hiyo. Tena spiriti huharibu mipira na baadhi ya vyuma katika gari ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kwetu, miwa ya Mahonda haijatosheleza sukari ya chai zetu, sembuse tangi za gari. Funzo la Brazili basi si miwa. Funzo ni kwamba mtu aliyejifunga na mafuta ya namna moja tu, hata yakiwa ni ya shamba la nchi yake, huja akafungwa na bei nyingine.

MAFUTA YA NAZI

Injini ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani aitwaye Rudolf Diesel, na ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilikamilika mwaka 1897. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Basi kuitia injini ya dizeli mafuta ya mmea si jambo geni. Limeanza pamoja nayo.

Wenzetu wa visiwani wamelijaribu kwa dhiki. Kisiwa cha Bougainville, katika Papua New Guinea, kilifungiwa njia za bahari mwaka 1990, wakati wa vita vilivyozuka kwa sababu ya mgodi mkubwa wa shaba. Petroli na dizeli zikakatika. Watu wakakuna nazi, wakapika mafuta, wakayatia katika gari za dizeli, na gari zikaenda. Huko Vanuatu, nchi nyingine ya visiwa katika bahari hiyo hiyo, kampuni ya umeme ya mji mkuu imekwisha kuyachanganya mafuta ya nazi na dizeli katika mitambo yake. Yawezekana, hilo halina shaka.

Lakini pana mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni uzito wa mafuta. Mafuta ya nazi ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli. Nozeli haziwezi kuyarusha kwa unyunyu mwembamba, hayaungui sawasawa, na masizi hujijenga ndani ya injini. Wanaoyatumia huyapasha moto kwanza kwa joto la injini yenyewe, wakawa na tangi mbili: huwasha gari kwa dizeli, huingia katika mafuta ya nazi injini ikishapata moto, na kabla ya kuzima hurudi katika dizeli ili kusafisha njia.

La pili kila mama wa nyumba alijua. Mafuta ya nazi huganda yakipata baridi, hali ya joto ikishuka chini ya digrii 24 au 25. Katika usiku wa kipupwe chupa iliyo jikoni huwa nyeupe asubuhi. Chujio la gari nalo huziba namna hiyo hiyo.

Iko njia ya kuyaondolea mafuta uzito huo. Huchanganywa na methanoli na kostiki, ile ile itumiwayo na wapikao sabuni. Mafuta hugawanyika, gliserini ikatua chini, na juu yakabaki mafuta mepesi yaitwayo biodizeli. Injini ya dizeli huyapokea vizuri zaidi kuliko mafuta ghafi ya nazi. Lakini methanoli ni sumu, huweza kumpofusha mtu au kumwua, na huwaka kwa ndimi za moto ambazo mchana ni shida kuziona. Kazi hiyo si ya kufanyia uwani.

La tatu ni hesabu, na hili ndilo linalomaliza maneno. Lita moja ya mafuta yataka nazi kama kumi, tena kwa kinu kizuri. Kila aendaye sokoni ajua kwamba nazi kumi ni ghali kuliko lita ya dizeli. Tazameni Ufilipino, nchi yenye minazi mingi kuliko karibu nchi zote za dunia. Sheria yake ya mwaka 2006 iliamrisha dizeli itiwe mafuta ya nazi yaliyofanyiwa kazi hiyo. Ilianza kwa sehemu 1 katika 100 mwaka 2007, ikafika 2 mwaka 2009, na 3 mwaka 2024. Ikiwa wenye bahari ya minazi wamefika tatu katika mia, sisi tuliobakiwa na minazi mikongwe tuwe na kiasi. Mafuta ya nazi ni akiba ya siku ya dhiki. Si mafuta ya kila siku.

TAHADHARI JUU YA MBONO, NA JUU YA MAKONYO

Miaka ya 2000 ilipokuwa inakwisha, lilivuma jina la mbono kaburi. Ilisemwa kwamba mti huo huota penye ardhi mbovu na mbegu zake zina mafuta yasiyoliwa na mtu, kwa hiyo haushindani na chakula. Makampuni ya kigeni yalipewa maelfu ya hekta huko Kilwa na Kisarawe. Mti huota penye ardhi mbovu, ni kweli, lakini hapo huzaa kidogo. Ukitaka uzae sana wataka ardhi nzuri na maji, kama mazao mengine. Mashamba hayo yalikwama, na wanavijiji waliotoa ardhi wakaachwa na ahadi.

Basi asije mtu akamwambia mwanachama ang'oe mikarafuu apande mmea wa mafuta. Mkarafuu hukaa miaka sita au minane kabla ya kuzaa vizuri, na ukitunzwa huwalisha wajukuu. Hakuna mbegu ya mafuta iliyowahi kulipa hivyo.

Na wengine huuliza juu ya mafuta ya makonyo yenyewe, kwa kuwa huwaka. Huwaka kweli. Lakini sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ambayo hutakiwa kwa dawa za meno, manukato na vyakula, na bei yake ni mbali sana na bei ya dizeli. Tena hula plastiki na mipira ya njia za mafuta. Makonyo yetu na yaende kiwandani.

GESI

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, petroli ilipokatika Ulaya, watu walifunga matanuri nyuma ya gari zao. Kuni au makaa huunguzwa humo kwa hewa kidogo, na moshi wake, ambao huweza kuwaka, huchujwa na kuingizwa katika injini. Uswidi peke yake ilikuwa na gari zaidi ya 70,000 za namna hiyo. Vita vilipokwisha waliziacha mara moja, kwani ni chafu, huchelewa kuwaka, hupunguza nguvu ya gari, na gesi yake ni ile ile iuayo watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Tena kwa kisiwa ambacho kuni zake hazitoshi majiko, hiyo si njia.

Gesi asilia ni khabari nyingine. Gesi ya Songo Songo, huko Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kufikishwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Leo ziko gari na bajaji mjini humo zinazokwenda kwa gesi hiyo ikiwa imeshindiliwa katika mtungi kwa nguvu kama mara 200 ya hewa ya kawaida. Injini ya petroli huifaa baada ya kufungwa vyombo vyake, na wenye gari hizo husema huokoa fedha nyingi. Lakini yataka kituo chenye mashine ya kushindilia, nacho chataka bomba. Bomba hilo halijafika kwetu. Hata hivyo, mwanachama mwenye gari Dar es Salaam aweza kuifikiria.

MOTOKAA ZA MSETO

Sasa tuje kwa zile gari ziitwazo haibridi, yaani za mseto, ambazo nyingi hutufikia zikiwa zimetumika Japani. Watu wengi hudhani kwamba gari hizi huchomekwa katika umeme wa nyumba. Ziko za namna hiyo, lakini zilizo nyingi kwetu hazichomekwi popote. Nguvu yao yote hutoka katika petroli. Ila hazitupi petroli kama gari nyingine.

Gari ya mseto ina injini ya petroli, mota ya umeme, na beteri kubwa. Huokoa mafuta kwa njia tatu. Kwanza, gari ikisimama, injini huzimika yenyewe, na kuondoka huondoka kwa umeme. Pili, dereva akikanyaga breki au akiteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta. Badala ya mwendo wote kupotea kwa joto la breki, sehemu yake hurudi katika beteri. Tatu, kwa kuwa mota husaidia penye mlima na penye kuondoka, injini huweza kuwa ndogo na kufanya kazi katika mwendo ule inaochoma vizuri zaidi.

Wazo hili ni la zamani. Ferdinand Porsche alitengeneza gari ya petroli na umeme pamoja katika miaka ya mwanzo ya 1900. Lakini gari ya kwanza ya mseto kutengenezwa kwa wingi ni Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Disemba 1997.

Je, huokoa kiasi gani? Katika mwendo wa mjini, wa kusimama na kuondoka, huweza kupunguza theluthi moja ya mafuta, na pengine zaidi, ukiilinganisha na gari ya kawaida ya ukubwa ule ule. Katika njia ndefu iliyonyooka faida hupungua, kwani hapana breki za kurudisha umeme. Njia za Pemba, zenye kupanda na kuteremka kutoka Wete hadi Mkoani, zina faida yake: kila mteremko hulipa sehemu ya mlima uliopita.

Mwenye kutaka kununua iliyotumika na aangalie haya:

1. Beteri kubwa huchakaa. Akaipimishe kwa fundi mwenye chombo cha kusomea gari hizo kabla ya kutoa fedha, na aulize bei ya beteri nyingine. Gari rahisi yenye beteri iliyokufa si rahisi.

2. Katika gari nyingi za namna hii beteri hupozwa kwa hewa inayoingia katika tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Akijaza magunia nyuma akaliziba tundu hilo, au vumbi la karafuu likajaa katika feni yake, beteri hupata joto na kufa kabla ya siku zake. Tundu hilo na liachwe wazi, na feni isafishwe.

3. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkali, katika gari nyingi volti 200 au zaidi. Fundi asiyezijua asiziguse kabisa.

4. Nyingi ya gari hizi ni ndogo, za abiria. Humfaa mwanachama aendaye mjini kila siku. Hazimfai mwenye kubeba magunia thelathini katika njia ya udongo.

UMEME MTUPU

Gari au pikipiki ya umeme haina injini ya petroli kabisa. Ubora wake ni kwamba mota ya umeme hupoteza kidogo sana: katika sehemu kumi za umeme uliomo, hupeleka magurudumuni nane au zaidi. Kumbukeni kwamba injini ya petroli hupeleka mbili au tatu.

Tuchukue pikipiki, maana ndiyo inayotembea shambani. Ya petroli hutumia kama lita 2 au 2 na nusu kwa kilomita 100. Ya umeme hutumia kama uniti 3 au 4 kwa mwendo huo huo. Kila mtu anayo risiti ya umeme nyumbani. Azidishe uniti 4 kwa bei aliyolipa, kisha azidishe lita 2 kwa bei ya pampu, aone mwenyewe tofauti. Tena pikipiki ya umeme haitaki oili ya injini, wala plagi, wala kabureta. Lakini katika hesabu hiyo lazima atie bei ya beteri, ambayo baada ya miaka kadhaa itabidi ibadilishwe. Asiyeitia hajafanya hesabu.

Lipo swali ambalo lapasa kuulizwa na kila mtu wa kisiwani: umeme wenyewe watoka wapi? Unguja imeunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na wa pili, mkubwa zaidi, uliongezwa mwaka 2013. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo umeme wa Pemba ulikuwa ni wa mitambo ya dizeli, na lau pikipiki za umeme zingekuwepo wakati huo, zingekuwa zinachoma dizeli kwa mzunguko. Sasa umeme wa bara hutoka zaidi katika gesi asilia na katika maji, khasa baada ya bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo mwenye kuendesha kwa umeme leo kwa kweli anaipunguza petroli iletwayo kwa meli.

Lakini waya ni waya. Mei 2008 Unguja ilikaa gizani kwa muda wa karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 ikakaa tena kiasi cha miezi mitatu. Waliokuwa hapo wanakumbuka madumu ya maji na kelele za jenereta. Funzo la Brazili linarudi hapa kwetu: usijifunge na kamba moja. Nyumba yenye pikipiki ya umeme na iwe pia na gari ya mafuta kwa jirani wa kushirikiana naye, au paneli za jua za kuweza kuijaza beteri pole pole. Paneli hizo zaweza kuwekwa juu ya paa lile lile la banda la karafuu.

Kwa lori la mizigo, bado. Beteri ya kulivuta lori lenye tani kadhaa ni nzito na ghali, na hapa kwetu vituo vya kulijaza na mafundi wake bado ni adimu.

LILILO RAHISI KULIKO YOTE

Tumezunguka dunia. Sasa turudi shambani, maana hapo ndipo penye lita nyingi zinazopotea, na kuziokoa hakutaki kununua kitu.

Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kilo moja ya karafuu kavu. Maana yake ni kwamba gari inayobeba karafuu mbichi kutoka shamba hadi nyumbani, theluthi mbili za mzigo wake ni maji. Tunachoma petroli kuyabeba maji ambayo jua lingeyachukua bure.

Tuchukue mfano. Mwanachama amechuma kilo 1,500 mbichi. Pikapu yake hubeba kilo 500, na shamba li kilomita 10 kutoka nyumbani. Akizipeleka mbichi, atafanya safari tatu za kwenda na kurudi, kilomita 60. Kwa kilomita 8 kwa lita, ni lita 7 na nusu. Akizianika karibu na shamba, zitarudi kilo 500 kavu, safari moja, kilomita 20, lita 2 na nusu. Ameokoa lita 5 katika mchumo mmoja. Gari ya mseto, inayookoa theluthi, ingelazimika kufanya mwendo wa lita 15 ili iokoe lita hizo tano.

Twajua kwa nini watu huzipeleka nyumbani. Mvua za vuli hazina miadi, na wezi hawalali. Mtu mmoja hawezi kulinda sakafu ya kuanikia usiku na mchana kwa siku nne hadi saba. Lakini majirani watano wenye mashamba yaliyopakana wanaweza. Wakijenga sakafu moja, wakapangiana zamu, wakawa na turubai la kufunika mvua ikinusa, basi gharama ya mlinzi mmoja itagawanyika kwa watano, na karafuu zitashuka njiani mara moja, kavu. Jambo hili lafaa kuzungumzwa katika mikutano ya matawi kabla ya msimu.

Mengine ni madogo, lakini bandu bandu huisha gogo.

Mipira isiyojazwa upepo sawasawa huifanya gari ivute kwa taabu na kula mafuta zaidi. Ipimwe kila wiki wakati wa msimu, kabla ya kutia mzigo.

Injini isiachwe ikinguruma penye foleni ya kituo cha ununuzi. Gari iliyosimama bila ya kuzimwa huweza kuchoma nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na haijasogea hata hatua moja.

Gari inayokwenda kituoni nusu tupu imechoma karibu mafuta yale yale ya gari iliyojaa. Wanachama wawili wenye magunia kumi kumi wasiende kwa gari mbili.

Chujio la hewa lililojaa vumbi huinyima injini pumzi. Lisafishwe au libadilishwe kabla ya msimu kuanza, si katikati yake.

TUSHIKE LIPI?

Kwa ufupi, tungeshauri utaratibu huu. Kwanza, kila mwanachama aandike katika daftari lita anazonunua na kilomita anazokwenda kwa mwezi mmoja. Asiyejua anachochoma hawezi kujua alichookoa. Pili, apunguze safari kwa kuanika karibu na kushirikiana mizigo. Tatu, pikipiki yake ikichakaa, aitazame ya umeme kwa hesabu kamili, beteri ikiwemo. Nne, akihitaji gari ndogo ya kwendea mjini, aitazame ya mseto, baada ya kuipimisha. Lori na libaki na dizeli kwa sasa, ila lipelekwe kwa fundi kwa wakati wake.

Ama mafuta ya nazi, spiriti na mbono, tuyajue, tusiyadharau, na tusiyauzie ardhi. Ardhi yetu imekwisha pata mmea wake.

Bei ya karafuu itatangazwa, na bei ya petroli itatangazwa. Lita ni zetu kuzihesabu.